Kubadilishana Kiswahili na Kijerumani kwa Simu ya Video: Mwongozo wa Anayeanza

Kila darasa jipya la Kijerumani likifika A2 (ngazi za lugha huanza A1, A2, kisha B1), maswali huwa yaleyale. Nimpate wapi Mjerumani wa kuongea naye? Nikishampata nimwambie nini? Na lile linaloulizwa kwa unyonge zaidi: tuliongea mara mbili vizuri tu, mbona kimya? Mwongozo huu ni wako wewe unayejifunza Kijerumani ukiwa Dar, Moshi, Nairobi, Mombasa au Bujumbura, iwe ni kwa ajili ya mtihani, mafunzo ya uuguzi, kazi ya au pair (kuishi na familia na kuwasaidia kulea watoto) au chuo, na mtaani kwako hakuna wa kuzungumza naye.

Utaratibu wenyewe unaitwa tandem. Watu wawili, lugha mbili, hakuna anayemlipa mwenzake. Nusu ya muda mnaongea Kijerumani na mwanafunzi ni wewe. Nusu ya pili mnaongea Kiswahili na mwanafunzi ni yeye. Wengi wetu tunaikumbuka ile nusu ya kwanza tu. Tunaingia kwenye simu kama tumekuja kuomba msaada, tunamwachia mwenzetu aongoze kila kitu, Kiswahili kinaishia kwenye "habari yako" na "asante sana", halafu tunashangaa akichoka. Nusu ya Kiswahili ndiyo inayomrudisha wiki ijayo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jinsi ya kuishika nusu hiyo.

KABLA YA KUANZA

Uwe umefika angalau mwisho wa A1: uweze kujitambulisha, kueleza siku yako na kuuliza maswali mepesi. Chini ya hapo simu itageuka kuwa ya Kiingereza, na wote wawili mtakuwa mmepoteza muda.

Simu yenye kamera ya mbele inatosha, kompyuta si lazima. Hedifoni zenye maiki ni lazima. Bila hizo, sauti ya mwenzako inatoka kwenye spika yako, inaingia kwenye maiki yako na kumrudia masikioni, na hakuna anayeweza kufikiri kwa lugha ya kigeni huku anajisikia mwenyewe.

Kuhusu bando, piga hesabu mapema. Kwa maelezo ya Zoom, simu ya watu wawili yenye picha nzuri inahitaji kama kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na nyingine 600 kurudi. Hiyo ni takriban MB 540 kwa saa. Ukiweka picha ya HD unakaribia GB 1 au kuizidi kidogo. Sauti peke yake haifiki MB 80. Kwa hiyo saa moja kila wiki ni kama GB 2 na kitu kwa mwezi, kama hukuweka HD. Ukitumia WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uwashe chaguo la kutumia data kidogo kwenye simu.

Mwisho, daftari la karatasi na kalamu. Simu yako itakuwa na uso wa mwenzako, huwezi kuandika humohumo bila kumpoteza.

HATUA KWA HATUA

1. Andika lengo lako kwa sentensi moja.

"Nataka kuongea vizuri" si lengo. "Mwezi wa tisa nafanya mtihani wa B1 na naogopa sehemu ya kuzungumza" ni lengo. "Naenda kuanza mafunzo ya uuguzi, nataka niweze kumhoji mgonjwa" ni lengo pia. Utaihitaji sentensi hii kwenye hatua ya tatu, na ndiyo itakayoamua mazungumzo yenu yawe ya nini.

2. Tafuta anayekihitaji Kiswahili, si Mjerumani yeyote.

Hapa ndipo wengi wanapokosea tangu mwanzo. Wanatuma ujumbe kwa kila mwenye bendera ya Ujerumani, wanapata mtu mkarimu asiye na haja yoyote na Kiswahili, na ukarimu wake unaisha baada ya wiki tatu. Anayekihitaji Kiswahili yupo. Kiswahili kinafundishwa kwenye vyuo vikuu vya Leipzig, Bayreuth, Hamburg na Köln, na ukivuka mpaka, Wien kule Austria. Wanafunzi hao wana walimu na vitabu; wanachokosa ni mtu wa kuongea naye, sawa na wewe. Kuna vijana wa mpango wa kujitolea wa weltwärts, ulioanza mwaka 2008, wanaojiandaa kuja Tanzania au Kenya, na waliokwisha kurudi kwao na hawataki Kiswahili chao kipotee. Hawa wa kundi la mwisho ndio ninaowapenda zaidi: wameshakula ugali, wameshapanda daladala, mnaanza mkiwa na mengi ya kusimuliana.

Njia nyingine iko karibu kuliko unavyodhani. Kama uko kwenye usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), uliza kuhusu dayosisi rafiki ya Ujerumani. Uhusiano huo ni wa miaka mingi na una watu wanaojifunza Kiswahili kabla ya ziara. Dar es Salaam na Hamburg ni miji rafiki tangu 2010. Goethe-Institut ipo Nairobi na Dar es Salaam, waulize walimu. Ukitumia programu kama Tandem au HelloTalk, tafuta walioandika kwamba wanajifunza Kiswahili, na usome maelezo yao kabla ya kuandika chochote.

3. Tuma ujumbe unaojieleza.

"Hi" peke yake haijibiwi. Wala "mambo mrembo". Andika kwa Kijerumani chepesi, mistari michache: wewe ni nani, kiwango chako, unatafuta nini, unatoa nini, na umalizie kwa swali. Unaweza kuanzia na huu kisha uubadilishe:

"Hallo! Ich lerne Deutsch (A2) und meine Muttersprache ist Swahili. Ich wohne in Moshi. Ich suche eine Tandempartnerin oder einen Tandempartner: einmal pro Woche, 60 Minuten, halb Deutsch, halb Swahili. Ich möchte für die B1-Prüfung das Sprechen üben. Was möchtest du auf Swahili üben?"

Swali la mwisho ndilo linalobeba ujumbe wote. Linamwonyesha kwamba umemfikiria na yeye. Chini yake ongeza mistari miwili ya Kiswahili chepesi, apate ladha na ajipime.

4. Pangeni saa, na muiandike kwa tarakimu.

Usimwambie mwanafunzi wa Kiswahili "tuonane saa mbili" ukaishia hapo. Anaweza kukusubiri saa nane mchana. Andika 20:00, taja ni saa za wapi, kisha andika saa za upande wa pili. Kufundishana saa za Kiswahili ni somo zuri sana, lakini lisifanyiwe majaribio kwenye miadi yenyewe.

Huku kwetu saa hazibadiliki mwaka mzima. Kwao zinabadilika mara mbili: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Majira yao ya joto, Ujerumani iko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa moja. Majira ya baridi kwa saa mbili. Kama mwenzako amezoea kuongea nawe saa 19:00 zake baada ya kazi, kwako ilikuwa saa 2 usiku hadi Oktoba, na sasa itakuwa saa 3. Kwa aliye Bujumbura, Kigali, Goma au Lubumbashi, majira ya joto saa zenu ni zilezile, na majira ya baridi mnawatangulia kwa saa moja. Wiki ya mabadiliko tuma ujumbe wa kukumbushana. Tandem nyingi hufa kimyakimya wiki hiyo, kila mmoja akidhani mwenzake hakuja.

Kuwahi kuna uzito wake. Kwa Mjerumani, dakika kumi za kuchelewa bila taarifa zinasomeka kama dharau, hata kama kwako ni foleni ya Ubungo tu. Kama unachelewa, andika kabla ya saa kufika: "Ich komme zehn Minuten später, tut mir leid." Ukiandika hivyo hana tatizo kabisa.

5. Kubalianeni mambo manne kabla ya simu ya kwanza.

Kwanza, mgawanyo wa muda: nusu kwa nusu kwa saa ya ukutani, hata kama Kijerumani chako kimezidi Kiswahili chake. Pili, namna ya kusahihishana: papo hapo, au mwishoni? Kwa anayeanza nashauri makosa yaandikwe kwenye chati (sehemu ya kuandikiana ujumbe) wakati mnaongea na yajadiliwe mwishoni, isipokuwa kosa likizuia maana. Tatu, Kiingereza. Wote mnakijua, na kitawavuta kila mnapokwama. Wekeni kanuni: neno moja la Kiingereza kufungua mlango, kisha mnarudi. Nne, kurekodi. Usirekodi bila ruhusa hata kidogo. Kifungu cha 201 cha sheria ya adhabu ya Ujerumani kinaharamisha kurekodi maneno ya mtu ya faragha bila idhini yake, na huko watu wanalichukulia jambo hili kwa uzito. Omba, akikubali rekodi, akikataa usiulize tena.

6. Simu ya kwanza, dakika kwa dakika.

Jiandae dakika tano kabla, ujaribu maiki na mwanga. Kaa ukielekea dirisha au taa. Ukiwa na dirisha nyuma yako anaona kivuli tu.

Dakika 5 za kwanza ni salamu, lugha zikichanganyika. Dakika 25 zinazofuata ni lugha ya kwanza, kisha 25 za lugha ya pili, na 5 za mwisho ni kupanga wiki ijayo. Weka kengele kwenye simu. Kengele ikilia mnahama lugha hata kama sentensi haijaisha. Inaonekana ukali, lakini bila kengele lugha ya mwenye aibu ndogo humeza nyingine, na mara nyingi inayomezwa ni yetu. Wiki ijayo anzeni na lugha ya pili, kwa sababu nusu ya mwisho ndiyo inayoangukia uchovu.

Mkitumia Zoom ya bure, simu hukatwa baada ya dakika 40. Wengine wanaipenda kwa hilo: 18 kwa 18 na salamu, unafunga. Google Meet haina kikomo hicho kwa watu wawili, nayo hufunguka kwa linki, kwa hiyo hulazimiki kutoa namba yako ya simu siku ya kwanza.

7. Nusu ya Kiswahili: iandae kama mwalimu asiye na ubao.

Kuwa mzawa wa lugha hakukutoshi. Mwenzako atakuuliza "kwa nini mayai makubwa lakini ndizi kubwa?" na wengi wetu jibu huwa "ndivyo tunavyosema". Ni kweli, ila halimsaidii.

Chukua mfano huohuo. Anakusimulia: "Jana nilienda sokoni, nilinunua ndizi kubwa na mayai kubwa." Umemwelewa. Ungetaka kusema "vizuri sana" na kuendelea, kwa sababu kumsahihisha mgeni kunaonekana kukosa adabu. Mwache amalize kisa. Kisha andika kwenye chati:

yai kubwa – mayai makubwa
embe kubwa – maembe makubwa
tunda kubwa – ?

Mstari wa tatu mwambie aumalizie mwenyewe. Akishasema "matunda makubwa", mwambie arudie ile sentensi ya sokoni yote. Hakuna nadharia, hakuna hotuba ya ngeli, na kosa hilo limepata dawa. Sentensi nzima irudiwe kila mara. Kurudia neno moja hakukai kichwani.

Kuna jambo moja la ngeli litakalokusaidia. Sisi shuleni tulifundishwa A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI. Vitabu vyao vingi vinazipa namba. Akikwambia "ngeli ya 5 na 6" ana maana ya LI-YA. 1 na 2 ni A-WA, 3 na 4 ni U-I, 7 na 8 ni KI-VI, 9 na 10 ni I-ZI. Iandike nyuma ya daftari lako, mtaacha kupishana.

Upande wa matamshi, msikilize hasa anaposoma kwa sauti, kwa sababu herufi za kwao zinamdanganya. Z ya Kijerumani husomwa ts, hivyo "nzuri" inatoka "ntsuri". S mwanzoni mwa neno huwa z, na "asante sana" inakuwa "asante zana". W inakuwa v, ukasikia "veve" badala ya "wewe". V inakuwa f, viatu vikawa "fiatu". J inakuwa y, jina likawa "yina". Chagua moja tu kwa siku. Ukimrundikia yote atanyamaza. Na ng' ya ng'ombe: mwambie anayo tayari katika "singen", aianze nayo tu bila kuitanguliza "si".

Mwanafunzi anayeanza anaweza pia kukuandikia "Kesho sitaki kuja." Usinune. Huenda alikusudia "sitakuja". Mweleze tofauti kwa upole, maana kuna siku atamwandikia mtu asiyemjua kama unavyomjua wewe.

Mpe Kiswahili kinachoishi. Mgeuzie kamera ya nyuma umwonyeshe jikoni: sufuria, mwiko, kibao cha mbuzi kama mnacho, unachopika leo. Muulize anaona nini, kiko wapi, kinafanya kazi gani. Dakika kumi za jikoni zina "hiki", "hivi", "hii", "hizi", "yale" nyingi kuliko kurasa za kitabu. Mfundishe nani anaamkiwa shikamoo na nani haamkiwi, asije akamwamkia rika lake. Ukimpa maneno ya mtaani au Sheng, mwambie wazi kwamba ni ya mtaani, kwa sababu huenda ana mtihani chuoni. Na kama wewe ni wa Kenya na mwalimu wake alisomea Zanzibar, tofauti zitakuwepo. Zitajeni kwa heshima bila kugombea nani ana Kiswahili safi.

8. Nusu ya Kijerumani: ingia na kazi, si na "tuongee chochote".

Siku moja kabla, mtumie mada na picha au karatasi moja. Ukiwa unajiandaa kwa mtihani, tumieni muundo wa mtihani wenyewe. Sehemu ya kuzungumza ya Goethe-Zertifikat B1 ina kazi tatu: mnapanga jambo pamoja, unawasilisha mada fupi, kisha mnaulizana na kupeana maoni kuhusu mada hizo. Nusu yenu moja inatosha kazi mbili. Mwombe akatae mapendekezo yako kwenye kupanga, kwa sababu kwenye mtihani mwenzako hatakubali kila kitu, na kukataa kwa adabu kwa Kijerumani kunahitaji mazoezi. Ukiwa A1, fanyeni kujitambulisha ukitaja herufi za jina lako na namba ya simu ya kubuni. Wengi wanaojua mengi hukwama kwenye herufi.

Anayekwenda kwenye uuguzi amgeuze mwenzake mgonjwa. "Guten Morgen, wie haben Sie geschlafen? Wo tut es weh? Seit wann haben Sie Schmerzen?" Angalia ile "Sie". Nyinyi wawili mtaitana "du", ndivyo watu wa tandem wanavyoitana, na ukizoea "du" peke yake itakuponyoka siku ya kwanza wodini mbele ya bibi wa miaka themanini. Mazoezi ya "Sie" lazima yawe ya makusudi.

Tumia faida ya video, nayo ni midomo. Mwombe asogee karibu na kamera anaposema "müde" na "schön". Kwa ü, sema "i" ndefu, kisha bila kuusogeza ulimi, viringisha midomo kama unayesema "u". Kwa ö anza na "e" na uviringishe kama "o". Angalia picha yako ndogo kwenye kona: midomo yako inafanana na yake? Halafu kuna tabia yetu ya kutia irabu katikati ya konsonanti, "Herbst" ikawa "Heribusti". Anzia mwisho wa neno: "st", "bst", "erbst", "Herbst". Urefu wa irabu nao usiupuuze. "Ofen" ni jiko la kuokea, "offen" ni wazi.

Weka mbele yako karatasi yenye sentensi hizi, kwa herufi kubwa:

Kannst du das bitte wiederholen?
Bitte etwas langsamer.
Was bedeutet …?
Wie sagt man … auf Deutsch?

Zisome bila aibu. Tuna desturi ya kutikisa kichwa na kusema "ja, ja" ili tusimkwaze anayeongea. Mjerumani ataamini umeelewa na ataongeza kasi. Na yeye akisema "Nein, das ist falsch," hajakutukana. Anakufanyia kazi uliyomwomba.

9. Baada ya simu, dakika kumi siku hiyohiyo.

Chagua makosa matano kwenye chati, si zaidi. Andika sentensi nzima iliyo sahihi, si neno. Kesho yake jirekodi ukizisema na umtumie kama ujumbe wa sauti, naye akutumie zake za Kiswahili. Simu inayofuata ianze na sentensi hizo. Asiyefanya hatua hii anafurahia mazungumzo, na miezi sita baadaye bado anasema "ich habe gegangen" badala ya "ich bin gegangen".

ANGALIZO KUHUSU USALAMA

Programu za lugha zina watu wanaotafuta mapenzi na wengine wanaotafuta pesa. Mtu akigeuza mazungumzo kila mara kuwa sura yako, akikataa kuwasha kamera, au akitaka mhamie WhatsApp dakika ya kwanza, achana naye na umzuie. Usitume picha ya pasipoti wala kitambulisho. Usimlipe mtu yeyote aliyekutana nawe kwenye tandem akakuahidi kazi, viza au nafasi ya mafunzo Ujerumani, hata kiasi kidogo cha "kufungua faili".

Na upande wetu tuwe waungwana vilevile. Usimwombe mwenzako barua ya mwaliko, ada wala simu mpya. Urafiki ukikomaa, yeye mwenyewe atakuuliza mipango yako inaendaje, na hapo msaada wa kweli, kama kukusomea barua ya maombi au kukueleza tangazo la kazi, utakuja bila kuombwa.

MATATIZO YA KAWAIDA

Picha inaganda, sauti inakatika. Zima video kwanza, wote wawili, na muendelee kwa sauti. Washeni tena mnapofika kwenye matamshi tu. Kama hata sauti inakatika, hamieni kwenye ujumbe wa sauti wa dakika mojamoja kwa muda uliobaki. Kubalianeni hili mapema, ili umeme ukikatika asidhani umemkimbia.

Sauti inajirudia. Anayejisikia mwenyewe si mwenye tatizo. Tatizo liko kwa yule wa pili asiye na hedifoni. Avae, au azime maiki anaposikiliza.

Mnateleza kwenda Kiingereza. Punguzeni ugumu wa mada, si lugha. Kama siasa imewashinda, elezeaneni picha. Saidieni kwa ishara, kwa kuchora, kwa kuonyesha kitu kwenye kamera.

Yeye anaongea muda wote. Mwombe akuulize swali moja kila baada ya dakika mbili: "Kannst du mir mehr Fragen stellen?" Wengi hawajui kwamba wametawala, wanadhani wanakusaidia usiaibike na ukimya.

Ukimya. Hesabu hadi kumi kabla ya kuuokoa. Mtu anayetafuta neno anahitaji nafasi, na ukimsemea kila mara hatalipata.

Anaongea lafudhi ya kwao na humshiki. Mwombe Hochdeutsch, yaani Kijerumani sanifu. Anayetoka Bayern au Uswisi ameshazoea ombi hilo.

Kiswahili chake kiko chini mno. Usipunguze dakika zake, punguza uzito. Maswali ya ndiyo na hapana, rangi, namba, bei sokoni: wewe muuzaji, yeye mnunuzi, na asikubali bei ya kwanza.

Ameahirisha mara mbili. Pendekeza saa nyingine au muda mfupi zaidi, labda dakika 30. Akiahirisha mara ya tatu, ana mambo mengi. Si lazima kosa liwe lako.

Amenyamaza kabisa. Tuma ujumbe mmoja mfupi usio na lawama, ukiuliza kama angependa kuendelea. Subiri wiki moja. Asipojibu, rudi hatua ya pili. Aliye na mtihani karibu ni vizuri awe na wenza wawili tangu mwanzo, kila mmoja siku yake.

Wewe ndiye unayetaka kuacha. Usipotee. Andika: "Danke für die Zeit mit dir, ich habe viel gelernt. Leider muss ich eine Pause machen." Kisha umpe jina la mwenzako wa darasani anayetafuta mtu, kama amekuruhusu. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea simu za kila wiki ana nafasi wazi, na darasani kwenu lazima kuna anayeitafuta.